Barua ya wazi: Mhudumu wa ndege anayeumia kazini Zanzibar alipwe fidia na nani?

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kazi katika Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kwa Kamishna wa Kazi, na kwa uongozi wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.

Waheshimiwa, Assalaam alaykum.

Naandika kuhusu fidia ya wahudumu wa ndege wanaoumia wakiwa kazini, hasa wale ambao kituo chao cha kazi ni Unguja. Hoja yangu ni moja. Mhudumu wa ndege anayeishi Zanzibar hana mlango mmoja unaojulikana wa kupeleka dai lake, kwa sababu anapokuwa angani anatazamwa na mamlaka moja, anapokuwa mfanyakazi anatazamwa na mamlaka nyingine, na baina ya hizo mbili imebaki nafasi ambayo huangukia humo siku anapoumia. Nimeifanya kazi hiyo kabla ya kuiacha, na tangu hapo nimekuwa nikiwasaidia wenzangu kuandika barua na kujaza fomu za madai, kwa hiyo ninayoyaeleza hapa nimeyaona mezani kwangu yakiwa karatasi, mihuri na picha za eksirei.

Naomba kwanza kuiondoa dhana kwamba kazi hii ni ya kugawa maji na kutabasamu. Mhudumu amewekwa ndani ya ndege kwa ajili ya usalama, na huduma ya chakula imekuja juu yake. Ndege yenye viti zaidi ya 44 haipewi cheti mpaka ithibitike kwamba abiria wote wanaweza kutolewa nje kwa sekunde 90 huku nusu ya milango ikiwa haitumiki, na anayetarajiwa kuwatoa ni mhudumu. Ndiye anayeuzima moto jikoni mwa ndege, ndiye anayemshughulikia mgonjwa, ndiye anayepita kuhakikisha mikanda imefungwa wakati rubani ameshatangaza kwamba mbele kuna hali mbaya ya hewa. Maana yake ni kwamba hatari inapokuja, abiria anatakiwa akae na mhudumu anatakiwa asimame.

Takwimu zinaonyesha matokeo ya mpangilio huo. Kwa hesabu za Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, kati ya mwaka 2009 na 2022 watu 163 walijeruhiwa vibaya na misukosuko ya hewa katika ndege za nchi hiyo, na kati yao 129 walikuwa wafanyakazi wa ndege, ilhali abiria walikuwa 34 tu, ingawa ndani ya ndege yoyote abiria ni wengi mara nyingi kuliko wafanyakazi. Wala hali haielekei kupoa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walichapisha mwaka 2023 matokeo yanayoonyesha kwamba misukosuko mikali katika anga tulivu isiyo na mawingu iliongezeka kwa asilimia 55 juu ya sehemu ya Atlantiki ya Kaskazini kati ya mwaka 1979 na 2020. Atlantiki si bahari yetu, nalijua hilo, lakini vijana wa Zanzibar wanaajiriwa na mashirika yanayoruka kila upande wa dunia, na hata anayebaki hapa kwetu anapita katika mawingu ya masika juu ya mkondo wa Zanzibar.

Safari zetu fupi zina madhara yake ya pekee, ambayo hayaandikwi magazetini. Kutoka Unguja mpaka Dar es Salaam ndege hukaa angani kiasi cha dakika 20. Muda huo hautoshi kupumzika, lakini unatosha kuumia. Katika zamu moja mhudumu hupaa na kutua mara kadhaa, na kila mara masikio yanabanwa na kuachiwa, mlango mzito unafungwa na kufunguliwa, mizigo ya abiria inanyanyuliwa juu ya kichwa na kushindiliwa makabatini. Katika safari ndefu lipo toroli la chakula, ambalo likijaa huweza kukaribia kilo 100, nalo husukumwa kwenye njia nyembamba ndani ya ndege ambayo bado inapanda, yaani husukumwa mlimani. Anayefanya kazi hiyo akiwa na mafua, kwa kuogopa kupoteza zamu, anaweza kushuka na ngoma ya sikio iliyopasuka. Anayeifanya kwa miaka kumi anaweza kushuka na mgongo usiomruhusu kumbeba mtoto wake.

Hapo ndipo linapoanza tatizo la kumbukumbu. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambacho ndicho msingi wa uchunguzi wa ajali za ndege duniani, kinaeleza jeraha kubwa kuwa ni lile linalomlaza mtu hospitali zaidi ya saa 48 ndani ya siku saba tangu kuumia, au linalovunja mfupa, isipokuwa mivunjiko midogo ya vidole au pua, au linaloleta madhara mengine makubwa yaliyotajwa humo, kama vile kuumia kwa viungo vya ndani au kuungua sana. Maelezo hayo yanafaa kwa kazi ya wachunguzi, ambao wanataka kujua kama ndege ilikuwa salama. Hayakuandikwa kwa ajili ya kupima nani alipwe fidia. Lakini kwa kuwa ndiyo maelezo yanayotumika katika anga, mhudumu aliyeteguka pingili ya mgongo, akaenda zahanati, akapewa sindano na dawa za maumivu kisha akarudi nyumbani kwake Kiembe Samaki akitembea kwa miguu yake, haonekani popote. Kwa upande wa anga hakukuwa na ajali. Kwa upande wa kazi hakuna mkaguzi aliyeingia ndani ya ndege ile. Miezi sita baadaye mguu unapoanza kufa ganzi, anaambiwa alete uthibitisho kwamba aliumia kazini. Mwenye kovu usidhani kapoa, na majeraha ya mgongo ndiyo hasa ya namna hiyo.

Tuitazame hali ya abiria aliyekaa karibu naye. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, na kwa mkataba huo abiria wa safari ya kimataifa anayeumia kwa ajali ndani ya ndege, au wakati wa kupanda na kushuka, analipwa na shirika bila ya kulazimika kuonyesha kwamba lilizembea, mpaka kiwango maalumu ambacho hupitiwa kila baada ya miaka mitano ili kisiliwe na mfumuko wa bei. Tarehe 21 Mei 2024 ndege ya Singapore Airlines iliyotoka London ilikumbwa na msukosuko mkali, abiria mmoja akafariki na makumi wakajeruhiwa, ikalazimika kutua Bangkok. Haukupita mwezi kabla ya shirika kutangaza kwamba abiria waliopata majeraha madogo wangepewa dola 10,000 za Marekani, na waliojeruhiwa zaidi wangepata dola 25,000 za kuanzia huku mazungumzo yakiendelea. Tangazo lile lilihusu abiria. Mkataba wa Montreal haumgusi mfanyakazi, kwa sababu yeye hakununua tiketi. Anarudishwa kwenye sheria ya kazi ya mahali pake. Sina ugomvi na utaratibu huo. Ninauliza tu: kwa mhudumu wa Zanzibar, mahali pake ni wapi?

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika Nyongeza ya Kwanza, imeyaweka mambo yanayohusika na usafiri wa anga ndani ya orodha ya mambo ya Muungano. Kwa hiyo leseni ya shirika, cheti cha ndege, saa za kuruka na mafunzo ya mhudumu yako chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Kazi na ajira hazimo katika orodha hiyo. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira Na. 11 ya 2005, Sheria yake ya Usalama na Afya Kazini Na. 8 ya 2005, na Sheria yake ya Fidia kwa Wafanyakazi Na. 15 ya 1986, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2005. Bara nako kuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, ambayo ndiyo iliyozaa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioanza kazi mwaka 2015, na mfuko huo ni wa Bara. Mpaka hapo kila kitu kimekaa vizuri kwenye karatasi.

Sasa mchukueni binti wa Chake Chake aliyeajiriwa na kampuni yenye ofisi kuu Dar es Salaam. Mkataba wake umetiwa saini Dar es Salaam, rosta yake, yaani ratiba ya zamu, inamtaka aanze na kumaliza zamu katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume, mshahara unaingia katika benki iliyoko Unguja, na ameanguka juu ya bahari, katikati ya mkondo, ndege ikiwa inashuka. Mwajiri anaweza kusema kwamba yeye anachangia mfuko wa Bara, hivyo aliyeumia akadai huko. Huko anaweza kuulizwa kwa nini mfanyakazi wa Zanzibar analetwa kwao. Akirudi Unguja anaweza kuambiwa kwamba mwajiri wake si wa hapa. Ikiwa mwajiri ni kampuni ya nje iliyomchukua kupitia wakala, basi huongezeka mlango wa nne, nao mara nyingi hauna mtu ndani. Wazee walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, lakini katika jambo hili kila nahodha anaamini kwamba usukani uko kwa mwenzake.

Tatizo hili si letu peke yetu. Marekani, ambako fidia hutolewa kwa sheria za kila jimbo, wahudumu wamebishana kwa miaka mahakamani juu ya jimbo lipi linahusika na mtu anayelala jimbo moja, anayeanzia kazi jimbo la pili na kuumia juu ya la tatu. Kigezo kinachoonekana kuwa na mashiko zaidi ni kituo cha kazi, yaani pale rosta inapoanza na kumalizika, na mimi naona ndicho kinachotufaa, kwa kuwa kinaandikwa wazi na hakiwezi kubadilishwa baada ya ajali ili kumkwepa mtu.

Lipo jambo la pili ambalo nadhani linawaumiza wengi zaidi kuliko hilo la mipaka, nalo ni hesabu ya mshahara. Mshahara wa msingi wa mhudumu kwa kawaida ni mdogo, na sehemu kubwa ya kipato chake inatokana na posho za saa za kuruka na za kulala nje ya kituo. Kila fidia inayokokotolewa kwa kufuata mshahara wa msingi inamhesabia nusu ya maisha yake. Mtu aliyekuwa akilipa kodi ya nyumba mtaa wa Mombasa hapa Unguja, ada za skuli za wadogo zake na matibabu ya mama kwa kipato kamili, anapougua anarudishwa kwenye mshahara ambao haujawahi kumtosha hata siku moja, na ndiyo maana wengi hurudi kazini wakiwa bado wanachechemea. Nimewahi kumsaidia mwenzangu mmoja ambaye mwajiri wake, ambaye sitamtaja, alimlipa mshahara wa msingi kwa miezi miwili kisha akamwandikia kwamba kwa kuwa hana saa za kuruka, hana posho. Kwa hesabu za ofisi ilikuwa kweli. Hakuwa na saa za kuruka kwa sababu aliumia akiwa anaruka.

Kuhusu viwango vilivyoandikwa ndani ya sheria kwa shilingi, Bara wameshatufundisha. Kabla ya mfuko wao kuanza walikuwa wakitumia sheria ya zamani iliyoweka ukomo wa shilingi 108,000 kwa ulemavu wa kudumu na shilingi 83,000 kwa kifo, na fedha hizo zikabaki pale pale miaka na miaka mpaka zikawa hazitoshi hata gharama za mazishi. Utaratibu wao wa sasa unafuata kipato cha mfanyakazi: aliyeumia kwa muda hulipwa asilimia 70 ya kipato chake cha mwezi, kwa kipindi kisichozidi miezi 24, na aliyepata ulemavu mkubwa wa kudumu hulipwa pensheni kila mwezi. Sheria yetu ya 1986 ilijengwa juu ya dhima ya mwajiri mwenyewe, yaani aliyeajiri ndiye alipe, na udhaifu wa msingi huo ni kwamba aliyeumia anategemea hali ya mfuko wa mtu ambaye pengine ndiye aliyemuumiza. Katika biashara ya ndege, ambako kampuni huanzishwa, husimama na kufungwa, hilo si jambo dogo. Wazo la Zanzibar kuwa na mfuko wa pamoja wa fidia si geni, nami naliunga mkono kwa moyo wote.

Naomba pia pasichanganywe mambo ambayo yanafanana kwa mbali. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar una mafao yake, na mtu aliyelemaa anaweza kuyapata, lakini hayo ni matunda ya michango yake na ya mwajiri wake kwa ajili ya maisha yake ya baadaye. Kumwambia aliyeumia kazini aende akayachukue hayo ni kumlipa kwa fedha yake. Vilevile kadi ya bima ya afya. Mhudumu anapotibiwa mgongo kwa kadi hiyo, faili linaandikwa maumivu ya mgongo, basi. Neno kazini halimo. Siku ya kudai, faili hilo hilo la hospitali linatumika kuonyesha kwamba alikuwa mgonjwa wa mgongo tangu hapo. Kwa wenzangu ninaowaandikia barua, nasaha yangu ya kwanza siku zote huwa ni moja: mwambie daktari aandike ulikuwa unafanya nini, ndani ya ndege gani, na saa ngapi. Inasikitisha kwamba haki ya mtu inategemea kama alikumbuka kusema hivyo huku akiwa na maumivu.

Maradhi yanayokuja taratibu nitayagusa tu, kwa sababu yanahitaji wataalamu kuliko barua. Kamisheni ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi iliitambua tangu mwaka 1990 mionzi ya anga za juu kuwa ni ya kikazi kwa wafanyakazi wa ndege za jeti, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka kazi ya zamu za usiku katika kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani. Sidai kwamba kila mhudumu anayeugua alipwe. Ninaomba orodha ya maradhi yatokanayo na kazi, inayotumiwa na madaktari wanaopima ulemavu Zanzibar, isomwe upya na mtu anayejua kwamba baadhi ya wananchi wetu wanafanya kazi futi 35,000 juu ya ardhi.

Waheshimiwa, linaloweza kufanyika kabla ya sheria yoyote mpya ni makubaliano ya maandishi baina ya Kamisheni ya Kazi na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Mwaka 2013 Marekani ilifanya jambo la namna hiyo. Kwa miongo mingi sheria za usalama kazini zilikuwa zinaishia mlangoni mwa ndege, kwa hoja kwamba ndani ni himaya ya mamlaka ya anga, mpaka pande mbili zilipokubaliana kwamba kuhusu kelele, kemikali na vimelea vinavyoambukizwa kwa damu, mamlaka ya kazi itakuwa na sauti ndani ya ndege pia. Hakuna ndege iliyoanguka kwa sababu hiyo. Makubaliano yetu yangeweza kuanza na mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi: kila mkataba wa mhudumu utaje kituo chake cha kazi, na kituo hicho ndicho kiamue sheria ya fidia, kila kuumia kwa mhudumu kuandikwe siku hiyo hiyo katika fomu moja inayokwenda kwa rubani, kwa mwajiri na kwa Kamishna, hata kama hakufikia kiwango cha Kiambatisho cha 13, na shirika lisipewe wala kuhuishiwa leseni ya kutumia viwanja vyetu kama kituo mpaka lionyeshe kwamba wafanyakazi wake wa hapa wamekatiwa bima ya ajali kazini au wanachangiwa katika mfuko unaowatambua. Hilo la mwisho lina nguvu kuliko mengine yote, kwa sababu leseni ni kitu ambacho shirika haliwezi kuruka bila hicho.

Hayo mengine, yaani kipato cha kukokotolea fidia kijumuishe wastani wa posho za miezi kumi na miwili iliyopita, na mhudumu aliye nje ya kituo akisubiri safari ya kurudi ahesabiwe kuwa yuko kazini hotelini na katika gari la kumpeleka uwanjani, ni kazi ya Baraza la Wawakilishi, na naelewa kwamba yatachukua muda.

Nimeshasikia jibu la gharama. Inasemwa kwamba mashirika yanayotuunganisha na Pemba na Bara ni madogo, na kwamba yakibebeshwa mzigo mwingine nauli zitapanda. Mchango wa waajiri katika mfuko wa Bara ni nusu ya asilimia moja ya mishahara. Kampuni inayoshindwa kutenga shilingi tano katika kila shilingi elfu ya mshahara kwa ajili ya kiungo cha mfanyakazi wake haina nafasi ya kutuambia kwamba inamudu matengenezo ya injini.

Niko tayari, pamoja na wenzangu watakaoridhia majina yao yatajwe faraghani, kufika ofisini kwenu tukiwa na mafaili yetu, siku na saa mtakayoipanga. Tunaomba kikao hicho kihudhuriwe na pande zote mbili, Kazi na Anga, katika chumba kimoja.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Aliyekuwa mhudumu wa ndege,
Unguja.

Nakala: Katibu wa Baraza la Wawakilishi, Chukwani; Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar.